Jua la Kangundo na taa ya mpigapicha: Jinsi mianga miwili inavyopatanishwa katika picha moja

JUA la saa saba mchana halimhurumii bibi harusi. Ametoka kanisani, jamaa wamemlaki kwa vigelegele, na ratiba ya siku inasema picha zipigwe kabla ya wageni kuketi hemani kula. Wakati huo, katika vilima vya Kangundo, jua liko utosini. Macho ya bibi harusi yamezama katika mashimo mawili ya kivuli, pua imeangusha kivuli kingine mdomoni, na shela jeupe linameta hata nakshi zake hazionekani.

Mpigapicha aliye mbele yake ana uamuzi wa kufanya. Akiipima kamera kwa ajili ya uso, anga inageuka nyeupe pe na mashamba ya kahawa yaliyo nyuma yanafifia kana kwamba yamefunikwa na moshi. Akiipima kwa ajili ya anga na vilima, uso unakuwa giza lisilotambulika. Kamera haina uwezo wa jicho la mwanadamu wa kuona kivuli kizito na mwangaza mkali kwa wakati mmoja. Njia ya tatu ni kuleta taa yake mwenyewe, kuiondoa juu ya kamera, kuisimamisha kando, na kuifanya ipatane na jua. Makala haya yanahusu njia hiyo ya tatu.

Kangundo, mji wa Kaunti ya Machakos ambao watu wa makamo huukumbuka kwa siasa za hayati Paul Ngei, aliyekuwa mbunge wake kwa miaka mingi, hauna tofauti kubwa na miji mingine iliyo kando ya barabara itokayo Nairobi kupitia Ruai, Joska na Tala. Biashara ya picha katika miji hiyo iliishi kwa muda mrefu kwa picha za vitambulisho na za familia zilizosimama mbele ya pazia lililochorwa. Siku hizi kila mgeni wa harusi ana simu, na simu za kisasa huunganisha picha kadhaa kwa kufumba na kufumbua ili anga na uso vyote vionekane. Mpigapicha wa kulipwa ambaye kazi yake ina anga nyeupe na macho meusi hana jibu la kumpa mpwa wa bwana harusi aliyepiga picha bora zaidi bila malipo.

Lipo jambo zito kuliko biashara. Picha ya harusi katika jamii zetu haibaki ndani ya albamu. Hutundikwa sebuleni, na miaka ikipita, mara nyingi ndiyo inayokatwa na kuchapishwa katika kijitabu cha ratiba ya mazishi, au kuwekwa juu ya jeneza, kwa kuwa marehemu hakuwahi kupigwa nyingine nzuri kuliko ile. Uso uliopotea kivulini siku ya harusi hautarejeshwa siku hiyo.

Jua la karibu na ikweta

Kangundo iko takriban digrii moja na theluthi kusini mwa ikweta. Mara mbili kwa mwaka, katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, jua la adhuhuri huwa wima kabisa juu ya vichwa vya wakazi wake. Hata katika Juni na Disemba, linapokuwa limeelekea mbali zaidi kaskazini au kusini, haliteremki chini ya digrii 65 kutoka upeo wa macho saa hiyo ya kilele. Kwa kulinganisha, jua la adhuhuri jijini London katika Disemba hufikia digrii 15 tu, nalo humulika uso wa mtu kama taa iliyowekwa dirishani.

Tofauti hii ni muhimu kwa sababu vitabu vingi vinavyofundisha matumizi ya flashi viliandikwa Ulaya na Marekani. Mwandishi anaposema, "mweke mtu wako jua likiwa mgongoni mwake," anadhani jua lina mgongo wa kukaa. Kwetu, kuanzia saa nne na nusu asubuhi hadi saa tisa hivi alasiri, jua halina mbele wala nyuma. Lina juu pekee.

Isitoshe, kilele chenyewe hakiji saa sita kamili. Saa za Kenya hufuata mstari wa digrii 45 mashariki, ilhali Kangundo iko karibu na digrii 37. Kwa hivyo jua hufika juu kabisa kati ya saa sita na robo na saa saba kasorobo, kutegemea mwezi. Ndio wakati hasa ambapo ibada nyingi za harusi humalizika. Hakuna anayepanga harusi kwa kutazama jua, na si haki kumtarajia mchungaji afanye hivyo.

Miezi ya Julai na Agosti ni kisa kingine. Mawingu mazito ya baridi huifunika nyanda ya juu ya Machakos kutwa nzima, na anga yote hugeuka taa moja kubwa laini. Wapigapicha wengi huuchukia msimu huo kwa sababu picha hutoka za kijivu. Ukweli ni kwamba ndio msimu rahisi zaidi kwa mwenye flashi: mwanga wa asili ni hafifu, hauna vivuli vikali, na taa ndogo inatosha kuuongoza.

Picha mbili ndani ya moja

Siri ya kazi yote ni kufahamu kwamba anayetumia flashi nje anapiga picha mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza ni picha ya mwanga uliopo: anga, vilima, hema, wageni walio nyuma. Ya pili ni picha ya flashi: uso na kiwiliwili cha mtu aliye karibu. Zote mbili huangukia mahali pamoja ndani ya kamera, lakini kila moja ina vidhibiti vyake.

Shata ni mlango wa kamera unaofunguka na kufungika. Ukiacha mlango huo wazi kwa muda mrefu zaidi, mwanga wa jua unaoingia huongezeka. Mwanga wa flashi hauongezeki, kwa kuwa flashi huwaka na kuzimika upesi mno. Flashi ndogo ikiwashwa kwa nguvu zote humaliza kazi yake kwa takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Ikipunguzwa nguvu, huwa ya haraka zaidi ya hapo. Shata ikiwa wazi kwa 1/60 ya sekunde au 1/200, flashi imeshapita. Basi kasi ya shata huongoza jua peke yake.

Tundu la lenzi huongoza vyote viwili, jua na flashi. Vivyo hivyo wepesi wa kamera kuhisi mwanga, ule unaoandikwa kwa herufi ISO. Nguvu ya flashi na umbali wake kutoka kwa mtu huongoza flashi peke yake. Mwenye kuyashika haya manne hahitaji kukariri kitu kingine.

Wapigapicha hupima mwanga kwa hatua. Kuongeza hatua moja ni kuuzidisha mwanga mara mbili. Kupunguza hatua moja ni kuugawa nusu. Kutoka 1/100 hadi 1/200 ni hatua moja. Kutoka f/11 hadi f/16 ni hatua moja pia, ingawa namba hizo za tundu huwatatiza wengi kwa sababu kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo tundu linavyokuwa dogo.

Kuna mpaka mmoja usioruhusu mzaha. Shata ya kamera nyingi ina mapazia mawili: la kwanza hufungua, la pili hufuata kufunga. Kasi ikiwa kubwa mno, pazia la pili huanza safari kabla ya la kwanza kufika mwisho, na kinachobaki wazi ni ufa mwembamba unaopita mbele ya kihisi. Flashi ikiwaka wakati huo, humulika sehemu ya picha tu, na sehemu iliyobaki huonekana kama imepakwa ukanda mweusi. Kwa kamera nyingi mpaka huo ni 1/200 au 1/250. Zipo flashi zinazoweza kumemeteka mfululizo ili kuvuka mpaka huo, lakini hulipa kwa nguvu: hupoteza hatua mbili au zaidi, na mchana wa Kangundo nguvu ndiyo inayokosekana.

Hesabu ya mchana

Tuchukue mfano. Kanuni ya zamani ya wapigapicha, iliyokuwa ikichapishwa ndani ya pakiti za filamu, husema kwamba katika jua kali lisilo na mawingu, tundu likiwa f/16, kasi ya shata iwe sawa na namba ya filamu. Kwa ISO 100, hiyo ni 1/100. Tukipanda hadi 1/200 ili tuwe karibu na mpaka wetu, tundu linafunguka hadi f/11.

Kwa vipimo hivyo, vilima vitatoka jinsi jicho linavyoviona. Mpigapicha anayetaka anga iwe na rangi ya samawati iliyoiva hupunguza hatua moja na kufika f/16. Sasa mazingira yote yako chini kidogo ya kawaida, na mtu aliye mbele anangoja kumulikwa.

Je, flashi inaweza? Kila flashi ina namba ya nguvu inayotolewa na mtengenezaji. Flashi nzuri ya kawaida, ile inayokaa juu ya kamera na kutumia betri nne ndogo, huwa na namba ya 36 hivi kwa mita, kwa ISO 100, kichwa chake kikiwa kimepanuliwa kiasi cha kutosha kundi dogo la watu. Gawa namba hiyo kwa tundu la lenzi, upate umbali. Thelathini na sita kwa 16 ni mita mbili na robo. Kwa f/11 ni mita tatu na kidogo.

Umbali huo ni wa taa tupu, na taa tupu ina ukali wake. Ukiiweka nyuma ya mwavuli mweupe ili mwanga wake ulainike, mwavuli hula hatua mbili hivi, na umbali unagawanyika nusu. Kwa f/16 flashi italazimika kusimama kama mita moja tu kutoka kwa bibi harusi; kwa f/11, mita moja na nusu. Itakuwa ndani ya picha. Hapo ndipo wengi hukata tamaa, wakasema flashi haifai mchana, wakairejesha mkobani.

Umbali una nguvu kuliko watu wanavyodhani. Mwanga unaosafiri huenea, na ukiongeza umbali mara mbili unabaki na robo, si nusu. Taa iliyosogezwa kutoka mita nne hadi mita mbili imeongezewa hatua mbili bila senti moja kutumika. Zaidi ya hayo, flashi mbili zikifungwa pamoja kwenye stendi moja huongeza hatua moja, na umbali wa mita mbili na robo unakuwa mita tatu na kidogo. Flashi nne hufikisha mita nne na nusu. Baada ya hapo ni nafuu kununua taa kubwa ya betri kuliko kuendelea kurundika ndogo.

Suluhisho la bei ya chini kuliko yote ni kivuli. Mtoe bibi harusi juani, umsimamishe chini ya mwembe au penye kivuli cha ukuta, uyaache mazingira ya nyuma yake yakiwa juani. Vivuli vya machoni vinatoweka papo hapo, na hamebanyi macho tena kwa mng'aro. Vipimo vya kamera vinabaki vilevile, f/11 na 1/200, kwa sababu vinafuata vilima vilivyo nyuma. Flashi ndiyo inayomtengeneza, kwa mwelekeo unaoutaka wewe. Kundi la jamaa 30 halitoshi chini ya mwembe mmoja, hiyo ni kweli, lakini kundi la jamaa 30 halitazamwi macho kama bibi harusi.

Tahadhari moja kuhusu kivuli: si vivuli vyote vilivyo safi. Chini ya migomba na mikahawa mwanga una ukijani unaoshika ngozini. Hema la samawati humfanya bwana harusi aonekane mgonjwa. Udongo mwekundu wa sehemu hizo, jua likiupiga, hurudisha wekundu chini ya kidevu na kwenye pindo la shela. Ukuta uliopakwa chokaa ndio rafiki wa kweli. Unarudisha mwanga bila kuongeza neno.

Mahali pa kuisimamisha taa

Kwa nini flashi isibaki juu ya kamera, mahali ilipotengenezewa? Kwa sababu mwanga unaotoka mahali alipo mtazamaji hauachi kivuli kinachoonekana, na uso usio na kivuli ni bapa kama sahani. Umbo la uso, yaani mfupa wa shavu, daraja la pua, ukingo wa taya, husomeka kwa kivuli. Kuitoa flashi kando, kiasi cha digrii 45, na kuiinua juu kidogo ya usawa wa macho, kunarudisha umbo hilo.

Mchana wa jua kali, hata hivyo, kanuni hiyo hupinda. Jua lililo utosini tayari limeangusha vivuli kwenda chini. Flashi ikiinuliwa juu kama studioni, inaongeza vivuli vilevile badala ya kuvifuta. Ni heri iteremke hadi usawa wa macho, au chini yake kidogo, na isogee karibu na kamera. Kazi yake hapo ni kulijibu jua.

Ikifika saa kumi alasiri, jua limepata mgongo. Sasa ushauri wa vitabu unafaa: jua nyuma ya bega moja la bibi harusi, flashi mbele upande wa pili. Jua huchora mstari wa nuru kwenye nywele na bega, flashi hujaza uso. Wapigapicha huita jua hilo taa ya pili, na ndiyo taa yenye nguvu kuliko zote walizo nazo.

Kuwasha flashi iliyo mbali kulikuwa tatizo kubwa enzi za filamu. Waya ulitumika, na waya kwenye uwanja wa harusi yenye watoto haudumu. Kisha zikaja flashi zenye jicho linalowaka likiona flashi nyingine, nazo juani hupofuka. Vifyatuzi vya redio, ambavyo vimeshuka bei sana tangu viwanda vya China vilipovitengeneza kwa wingi, ndivyo vilivyoifungua njia hii kwa mpigapicha wa mji mdogo. Mmarekani David Hobby, aliyekuwa mpigapicha wa gazeti la The Baltimore Sun, alianza mwaka 2006 kufundisha kupitia intaneti jinsi ya kutumia flashi ndogo nje ya kamera, na mafunzo yake yalienea duniani kote hadi neno alilolibuni, Strobist, likageuka jina la mtindo mzima.

Upepo nao si wa kupuuzwa. Mwavuli juu ya stendi ni tanga la jahazi. Ukivuma upepo wa ghafla, taa huanguka, na mara nyingine huanguka juu ya mtu. Kiondo kilichojazwa mawe na kuning'inizwa kwenye stendi hufanya kazi sawa na mfuko wa mchanga unaouzwa madukani. Mahali penye watoto wengi, afadhali kijana aishike taa mkononi. Atalipwa, lakini pia ataweza kuifuata bibi harusi anapogeuka, jambo ambalo stendi haijapata kulifanya.

Ngozi nyeusi, shela jeupe

Hapa ndipo picha nyingi za harusi zetu huharibika, na lawama si ya mpigapicha peke yake. Kipimo cha mwanga kilicho ndani ya kamera hudhani kwamba kila kinachokiona, kikichanganywa, kitakuwa kijivu cha wastani. Kikielekezwa kwenye shela jeupe kinapunguza mwanga, na uso mweusi ulio juu ya shela hilo unazama. Kikielekezwa kwenye uso, shela linaungua.

Tatizo lina historia. Maabara za kusafishia picha za rangi zilikuwa zikirekebisha mashine zao kwa kadi iliyotolewa na kampuni ya Kodak, yenye picha ya mwanamke Mzungu. Kadi hizo ziliitwa Shirley, jina la mfanyakazi aliyepigwa picha ya kwanza. Rangi zilizomfaa Shirley ndizo zilizohesabiwa sahihi kwa kila mtu. Mtafiti Lorna Roth wa Kanada aliandika mwaka 2009 kwamba miongoni mwa waliosukuma filamu iboreshwe katika rangi za kahawia walikuwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazionekani vyema. Msomaji ataamua mwenyewe acheke au asikitike.

Kamera za dijitali zimepunguza tatizo hilo, hazijalimaliza. Dawa ya wengi ni kuongeza nguvu ya flashi, na ni dawa mbaya. Ngozi nyeusi, hasa yenye jasho la mchana, hurudisha mwanga kama kitu kilichosuguliwa. Flashi tupu yenye nguvu hutia mabaka meupe kwenye paji la uso na pua huku mashavu yakibaki gizani. Kinachohitajika ni ukubwa wa chanzo cha mwanga kuliko ukali wake. Mwavuli ulio karibu, au hata shuka jeupe lililotandazwa mbele ya flashi, hugeuza mabaka hayo kuwa mng'ao mpana laini unaoonyesha umbo la uso. Kitambaa cha kufutia jasho kinasaidia kama lenzi ya bei ghali.

Kuhusu shela, ipo mbinu nyepesi. Mwavuli usielekezwe kifuani mwa bibi harusi. Uinuliwe na kugeuzwa kidogo, katikati ya mwanga ipite mbele ya uso wake, na ukingo hafifu tu ndio ulifikie shela. Uso unapata mwanga mwingi, kitambaa cheupe kinapata kidogo, na nakshi zinaonekana. Bwana harusi aliyevaa suti nyeusi asimame upande wenye mwanga mwingi. Ni kawaida kuona kinyume chake, kwa sababu hupangwa kwa kufuata desturi ya nani asimame kulia, wala si kwa kufuata mwanga. Taa ndiyo ihamishwe, si bibi harusi.

Watu wenye ualbino wahurumiwe macho. Flashi ya karibu huwaumiza kuliko wengine, na mpigapicha mwungwana huitazamisha ukutani au kuiondoa kabisa wanapokuwa mbele yake.

Tangu enzi za baruti

Kuchanganya taa na mazingira si jambo geni Afrika Mashariki. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mjerumani Carl Georg Schillings alipiga picha za simba na wanyama wengine usiku katika nyika za karibu na Kilimanjaro, akitumia unga wa magnesi uliolipuka kwa mwanga mkali. Ng'ombe na punda walifungwa kama chambo, na kamera ikafyatuliwa mnyama alipofika. Kitabu chake kuhusu safari hizo kilitoka mwaka 1905. Unga huo, uliobuniwa Ujerumani mwaka 1887 na Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, ulikuwa hatari kwa mpigapicha kama simba mwenyewe. Flashi ya umeme tunayoijua leo ilitokana na kazi ya Harold Edgerton katika chuo cha MIT, Marekani, katika miaka ya 1930.

Mastadi wa Bamako, Mali, wanafaa kutazamwa na yeyote anayejifunza kazi hii. Seydou Keïta alipiga picha nyingi uani mwake kwa mwanga wa jua, pazia likiwa nyuma, na nyuso zake zina ulaini ambao flashi ya bei ghali haiupati kirahisi. Malick Sidibé naye alizunguka kwenye dansi za usiku na flashi yake, akawanasa vijana wakicheza. Mmoja alikuwa bingwa wa jua, mwingine wa flashi.

Dakika 24 za jioni

Karibu na ikweta jua halitui kwa mshazari. Linashuka wima, digrii moja kwa kila dakika nne. Tangu linapofika digrii sita juu ya upeo, ambapo rangi ya dhahabu huanza kukolea, hadi linapozama, kuna dakika 24 tu. London katika Juni safari hiyo hiyo huchukua dakika 50 hivi. Kangundo jua huzama kati ya saa kumi na mbili na robo na saa moja kasorobo, na vilima vilivyo magharibi huweza kuliiba mapema zaidi. Mpigapicha anayetaka Kilimambogo nyuma ya maharusi katika nuru ile lazima stendi iwe imesimama, vipimo vimejaribiwa, na maharusi wameshapewa maji ya kunywa, kabla ya dakika hizo kuanza.

Tatizo la jioni ni rangi. Flashi hutengenezwa ifanane na mwanga wa mchana, ambao katika kipimo cha Kelvin ni 5,500 hivi. Jua la kuchwa huteremka hadi 3,500 au chini yake. Ukimulika uso kwa flashi tupu wakati huo, maharusi wataonekana kama waliokatwa kutoka picha nyingine na kubandikwa hapo: uso una ubuluu, bega lina udhahabu. Kipande cha plastiki angavu ya rangi ya chungwa kikifungwa mbele ya flashi huiteremsha hadi kwenye rangi ya jua. Vinauzwa vya viwango mbalimbali. Kile cha nusu hutosha katika hali nyingi. Hunyonya mwanga kidogo, lakini jioni nguvu si tatizo tena.

Nguvu si tatizo, muda ndio tatizo. Jua likishazama, mwanga wa anga hupungua nusu kila baada ya dakika chache, wakati flashi haibadiliki. Hapo faida ya kujua kazi ya shata huonekana. Mpigapicha hagusi tundu, hagusi flashi, wala hamsogezi mtu yeyote. Anaanza, kwa mfano, na ISO 400, f/4 na 1/125. Anga ikianza kufifia anashuka hadi 1/60, kisha 1/30, kisha 1/15. Katika kila picha nyuso zinabaki vilevile, na anga inabaki na rangi yake ya zambarau. Kwa 1/15 kamera iwe juu ya stendi yake na maharusi watulie, maana anayetikisika ataacha ukungu wa kivuli nyuma ya sura yake kali.

Akifika 1/8 na anga bado inazidi kuzama, ataongeza ISO mara moja au mbili huku akipunguza nguvu ya flashi kwa hatua zizo hizo, apate picha tatu au nne zaidi. Kuanzia hapo anga huwa nyeusi tii, taa za hema zinawashwa, na hakuna tena mwanga wa pili wa kupatanishwa na flashi.